Ampli ya Siku ya Mahari

Jumatano, 7 Mei
Jumamosi napeleka mahari hapa Ruashi, kwa Papa Chishimba, baba yake Huguette. Wengine hupeleka mbuzi. Mimi napeleka mbuzi na ampli ya kukuza sauti niliyoibuni mwenyewe, ili Huguette akiulizwa kama anakubali mahari, jibu lake lisikike hadi barabarani. Mzee atajua bintiye anaolewa na injinia. (Karibu injinia. Mtihani mmoja umebaki.)

Alhamisi, 8 Mei
Ampli-op, kile kidude cheusi cha miguu minane, hakina nguvu ya kuendesha bafle kubwa la kutolea sauti. Dawa yake: transista mbili nyuma yake, moja isukume, nyingine ivute. Kazi safi. Anaclet, niliyesoma naye na aliyemtaka Huguette kabla yangu, akapita kuchungulia. Akasema nitie diodi mbili kati ya transista, la sivyo sauti kubwa itapita na ndogo itapotelea humo. Wivu mtupu.

Ijumaa, 9 Mei
Majaribio. Nimeshika mikro, nikapiga kelele: alo! alo! Kuku wa jirani wakatawanyika. Sauti ilikwaruza kidogo, lakini mtaa mzima umesikia. Anaclet akalale.

Jumamosi, 10 Mei
Aibu. Umeme ulikatika, tukawasha jenereta. Tantine Honorine, shangazi yake Huguette, akashika mikro, akauliza kwa sauti yake ya kwaya: "Huguette, mutoto, hii vitu tupokee ao turudishe?" Ikasikika hadi mgodini. Huguette akapewa mikro. Mtoto wa watu, ana adabu, akainamisha macho akanong'ona. Bafle kimya. Akaulizwa tena. Kimya. Hata waliokaa karibu naye walisikia jenereta tu. Wazee wakaanza kuguna kwamba binti hataki. Mbuzi wangu akafunguliwa kamba, tayari kurudishwa. Huguette akalia, na kwikwi zake nazo hazikupita. Nilitamani ardhi inimeze. Papa Chishimba akaamua turudi Jumamosi ijayo na mbuzi, bila mitambo.

Jumapili, 11 Mei
Huguette kanitumia ujumbe: alisema ndiyo mara mbili, na ya tatu ataisema bila mikro. Nimefurahi hadi nikaimba peke yangu. Papa Chishimba nimemwapia kwamba mikro hataiona tena. Kosa nimeshaligundua: transista mbili zilikuwa chache. Nimechomelea nne. Mikro nitaificha ndani ya maua.