Uenyekiti Wangu kwa Sheria za London

Jumatano, 8 Septemba 2021
Penrith, Sydney. Lokdauni bado. Asubuhi nimetazama Bunge la Waingereza kwenye simu, marudio ya jana. Raha tupu! Wanabishana juu ya mswada wa uchaguzi: kila mpiga kura aonyeshe kitambulisho chenye picha. Serikali inasema ni kuzuia wizi wa kura. Wapinzani wanasema wezi wenyewe hawaonekani, na watakaofungiwa nje ni wazee na maskini wasio na vitambulisho.

Nikaacha uji upoe. Wazee! Wasio na vitambulisho! Hao si ndio wafuasi wa Mama Kasoki?

Mama Kasoki ni Mkongomani wa Ingleburn, upande mwingine wa jiji, kazi yake kutunza wazee. Anapendwa na kila mtu bila kufanya kampeni yoyote, jambo ambalo mimi naliona ni udanganyifu. Yeye na mimi tunagombea uenyekiti wa Umoja wa Waswahili wa Sydney. Uchaguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo, kwa Zoom.

Lazima nishinde. Mwezi uliopita nilimwambia baba, kule nyumbani Nkubu, Kenya, kwamba nimeshachaguliwa. Ilinitoka tu! Maongezi yalikuwa yamepoa, nikatafuta la kusema. Baba ametangaza kanisani. Amechinja mbuzi. Mbuzi ameshaliwa!

Basi nimeandika pendekezo kwenye grupu la WhatsApp. Kitambulisho chenye picha kwa kila mtu, na uso ufanane na picha kabisa. Sisi tulitawaliwa na Waingereza, Australia pia, kwa hiyo hakuna wa kubisha. Waceke, mke wangu, ambaye ni nesi hospitali ya Westmead, amerudi kutoka zamu na kuuliza ni nani amewahi kuiba kura katika Umoja. Nikamwambia hapo ndipo penye hatari, kwamba hawajulikani. Akaenda kulala.

Alhamisi, 9 Septemba
Pendekezo limepita! Mama Kasoki mwenyewe ameliunga mkono, na emoji za maua matatu. Sijayapenda yale maua.

Jioni, pigo. Tevin amehama! Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake Waceke, na ndiye meneja wa kampeni yangu. Anasema kazi yake iko ghala la Ingleburn na safari ni ndefu. Uongo. Amechoka kupiga makofi kila asubuhi nikifanya mazoezi ya hotuba. Na amehamia wapi? Nyumba ya uani kwa Mama Kasoki! Tena ameondoka na jiko langu la kuchomea nyama, kitu pekee ambacho wanachama wananipendea.

Msaliti. Nimemwambia Waceke kwamba ukoo wao una shida. Chakula cha jioni nimekula baridi.

Ijumaa, 10 Septemba
Nimepata dawa, tena London hukohuko. Kuna mkataba wa kukabidhiana watuhumiwa kati ya Waingereza na Wamarekani, na wabunge wengine wanalalamika kwamba umeinama upande mmoja: ni rahisi zaidi Mwingereza kupelekwa Marekani kuliko Mmarekani kuletwa Uingereza. Wao wanalalamika, mimi nikaona uzuri wake. Nimeandaa mkataba kati ya Penrith na Ingleburn. Umeinama upande wangu hadi unakaribia kuanguka.

Nimemtumia Mama Kasoki ujumbe wa sauti, wa kirasmi, nikidai Tevin akabidhiwe mara moja pamoja na jiko.

Amejibu kwa upole ule wake unaonikera. Eti ndugu Mwiti, bonjour, watoto hawajambo? Eti anavyosikia yeye, mtu hakabidhiwi mpaka kosa lake liwe kosa pande zote mbili, na kule Ingleburn kuhama si kosa. Kuhusu jiko, Tevin anasema alilinunua yeye.

Ni kweli alilinunua yeye. Lakini nani alipuliza moto?

Nimemuuliza Waceke Mama Kasoki amejulia wapi sheria za Waingereza. Waceke ametazama dari.

Jumapili, 12 Septemba
Nimekata rufaa. Baada ya ibada ya Zoom Mama Kasoki akaitisha kikao hapohapo, na watu wakabaki kusikiliza kwa sababu lokdauni imeua starehe zote. Msikilizaji wa kesi alikuwa Mwalimu Ninahazwe, ambaye pia ndiye msimamizi wa uchaguzi. Tulimpa kazi hiyo kwa sababu ni Mrundi, hayuko kwa Wakenya wala kwa Wakongomani.

Nilisema kwa hisia. Nilitaja urafiki wa mataifa.

Ninahazwe akauliza kitu kimoja tu: mtuhumiwa akirudishwa Penrith, atakula nini? Tevin akatoa ushahidi. Githeri, akasema, mahindi na maharage. Kesho yake githeri iliyopashwa. Akaapa kwamba hapo kwangu alikuwa anasota vibaya, na kwamba kwa Mama Kasoki wanakula sombe, majani ya mihogo, na samaki kila Jumapili. Watu wakaguna kwa huruma. Mama Kasoki akakumbusha kikao kwamba Januari mwaka huu hakimu wa London alikataa kumkabidhi mtu kwa Wamarekani kwa kuhofia afya yake katika jela za kule. Waceke, aliyekuwa kwenye skrini ya pili, akatikisa kichwa kukubali. Mke wangu mwenyewe!

Uamuzi: Tevin hakabidhiwi, kwa sababu za kibinadamu. Isitoshe, kumtoa Ingleburn hadi hapa ni kuvunja sheria ya lokdauni ya kutovuka kilomita tano kutoka nyumbani, polisi wangenikamata mimi.

Mama Kasoki akanipa pole na kunikaribisha sombe lokdauni ikiisha. Nimekataa. Nimekataa ndani ya moyo, kwa mdomo nimesema asante.

Jumanne, 14 Septemba
Ushindi! Nimegundua wizi wa kura!

Nilikuwa napekua grupu nikitafuta aibu yoyote ya Mama Kasoki. Nikafika kwenye salamu za siku za kuzaliwa. Mzee wa kwanza upande wake, kazaliwa tarehe mosi Januari. Wa pili, mosi Januari. Mama Kasoki, mosi Januari. Upande mzima! Haiwezekani. Huyu ni mtu mmoja anayejigawa ili apige kura mara nyingi! Nimempigia Ninahazwe, nikataka wote wahesabiwe kura moja.

Akaniambia kwamba yeye pia kazaliwa mosi Januari. Akaeleza polepole. Kule kambi ya wakimbizi afisa alikuwa anauliza tarehe ya kuzaliwa, mtu anasema mama yake alimwambia ni msimu wa maharage, mwaka ule wa vita. Afisa ana foleni mpaka getini. Anaandika mosi Januari, anaita mwingine. Ndivyo walivyozaliwa wote, akasema, na akacheka kidogo, si kicheko cha furaha.

Nimeona aibu, kwa kweli. Nimeomba msamaha. Halafu nimeuliza kama jambo hilo halitoshi kuahirisha uchaguzi. Amekata simu.

Ijumaa, 17 Septemba
Baba amepiga. Anataka picha ya mwenyekiti, mwenye tai, aitundike sebuleni. Fremu ameshanunua. Nikasema itakuja kesho.

Maduka ya vinyozi yamefungwa tangu Juni na mimi nina msitu kichwani. Mwenyekiti haonekani hivyo. Nikachukua mashine ya Waceke nikajinyoa mwenyewe. Kushoto kukawa chini. Nikasawazisha kulia. Kulia kukawa chini zaidi. Nikarudi kushoto. Sasa sina nywele. Ndevu zikaonekana zimeachwa peke yake, nikazitoa. Wembe ukateleza ukala na nusu ya nyusi.

Waceke amerudi, ameniona mlangoni, amekaa chini akacheka mpaka akavua viatu.

Jumamosi, 18 Septemba
Nina uchungu lakini nitaandika.

Wazee wa Kikongomani wameingia wa kwanza, wamevaa suti. Kila mmoja ana mfuko wa plastiki mapajani. Na ndani? Pasipoti. Leseni. Cheti cha chanjo. Kadi ya kambi. Kadi ya mgao wa unga ya miaka ya nyuma! Ninahazwe anaomba kimoja, wao wanaonyesha vyote. Watu hawa wamevuka mipaka na makaratasi yao kifuani, kisha mimi Mwiti nikaamini hawana kitambulisho.

Wakenya wangu sasa. Wawili bado wamelala. Mmoja leseni iko kwenye gari na gari liko kwa fundi. Manesi wanapiga kura kutoka kazini wakiwa na barakoa na ngao za uso, na hawaruhusiwi kuvua. Sheria inasema uso ufanane na picha. Wote nje! Waceke akiwemo. Amenipungia mkono kutoka Westmead, na sikuona huzuni yoyote machoni pake.

Zamu yangu ikafika. Nikainua leseni. Ninahazwe akatazama leseni, yenye nywele na ndevu. Akanitazama mimi. Akasema kwa masikitiko kwamba huyu si Mwiti.

Nikapiga kelele. Nikamwomba Tevin anishuhudie. Tevin akasogea karibu na skrini, akakodoa macho, akasema kwamba kwa haki hawezi kuwa na uhakika.

Aliyeniokoa ni Mama Kasoki. Akasema huyo ni Mwiti, mwacheni apige kura, hakuna mtu mwingine Sydney nzima anayepiga kelele hivyo. Wote wakakubali.

Nikapiga kura yangu. Ilikuwa karibu kura pekee niliyopata.

Jumapili, 19 Septemba
Mwenyekiti Kasoki amepiga. Hakunicheka. Amenipa kazi ya kuongoza sherehe ya mosi Januari, ya wote waliozaliwa siku hiyo, mimi na Tevin tuchome nyama. Ni heshima kubwa, nimejua hivyo. Nikasema nitafikiria.

Lakini baba? Picha? Fremu? Nilikaa na simu mkononi nikitafuta namna ya kumwambia ukweli. Nilikuwa tayari kabisa. Nikafungua tu Bunge la Waingereza kidogo, kutuliza roho.

Lo! Kumbe wana baraza la pili! La Malodi, yaani mabwana wakubwa! Wananchi hawawapigii kura hata siku moja. Unateuliwa, unakaa humo maisha yako yote, na wengine wanavaa majoho mekundu!

Nimempigia baba papo hapo. Nimemwambia nimeachia uenyekiti kwa sababu nimepandishwa Baraza la Juu. Ameuliza kama hilo liko juu ya mwenyekiti. Nikasema juu sana. Amefurahi mpaka ameita majirani, nimezungumza nao mmoja mmoja.

Sasa kilichobaki ni kuuarifu Umoja kwamba baraza hilo lipo.