Wageni wa Nyota Wapewe Chai Kabla ya Kombora

Nambari 14, Mtaa wa Garnett,
Oswaldshaw, Lancashire.

Kwa Mkuu wa Michezo ya Kuigiza ya Jumamosi,
Jumba la Televisheni, London.

Ndugu Mkuu,

Kabla sijalalamika, naomba nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi ninayelala naye chumba kimoja. Katika mchezo wenu wa "Wapangaji wa Nyumba ya Mwisho", mimi niko upande wa wapangaji. Najua wametoka kwenye nyota. Najua wanataka kuigandisha dunia. Lakini yule Kanali wa jeshi anayewawinda anapowafokea kwa kipaza sauti huwa nawaonea huruma, na safari moja nililia nikasingizia vitunguu, ilhali tulikuwa tunakula keki.

Nimemaliza shule mwezi uliopita na sijawahi kumwandikia mkuu yeyote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeua chai ya majirani. Mtaani kwetu mtu akihamia, kabla hajashusha kitanda garini, jirani mmoja huwa ameshafika na sinia lenye buli, vikombe na biskuti. Hujui jina la mgeni, lakini unajua anatia sukari kiasi gani, na mengine hufuata yenyewe. Sasa, katika sehemu ya kwanza ya mchezo wenu, mama mwenye nyumba aliwapelekea wapangaji chai, na alipogeuka tu wakaimwaga kwenye chungu cha ua. Ndivyo sote tulivyojua kwamba si watu. Wiki ileile familia ya Thackray ikahamia nambari tisa. Mapazia ya mtaa mzima yalitikisika, lakini hakuna kikombe kilichotoka. Bi. Entwistle wa jirani alimwambia Bibi juu ya ukuta wa uani, "Nani aende? Mtume Noreen wako. Huyo hata wakimchukua, hatutasikia kelele."

Noreen ni mimi.

2. Siku hizi kila mtu anapimwa. Kasisi wetu hutembelea nyumba nyingi kwa mchana mmoja, na kila nyumba humpa chai, kwa hiyo alipofika kwa Bi. Entwistle alibakiza nusu kikombe. Jumapili waumini hawakusikia neno hata moja la mahubiri. Walikuwa wakimwangalia vidole, maana wapangaji wenu hawana kucha. Msoma mita wa gesi alinyweshwa buli zima akiwa amesimama. Baba, ambaye daktari amemkataza chai kwa ajili ya tumbo, anainywa dirishani ili mtaa umwone. "Afadhali tumbo kuliko Kanali," anasema.

3. Mchezo wenyewe hauna akili (samahani sana). Wageni wamesafiri kutoka huko mbali kote, na hakuna hata mtu mmoja aliyewauliza kama wanatumia maziwa. Bibi aliliona hilo tangu mwanzo. "Yule mwanamke kamimina chai kwanza, maziwa baadaye! Hata mimi ningeimwaga." Ina maana kwamba vita vyote hivi, mizinga, daraja lililoyeyuka, na yule mpeleka barua masikini aliyemezwa na ua lililonyweshwa chai, vimeletwa na kikombe kimoja kilichotengenezwa vibaya. Je, hamkulifikiria hili mlipokuwa mnaandika?

4. Hili ni langu mwenyewe. Kijana wa nambari tisa anaitwa Clifford. Hupiga mluzi vibaya, lakini kwa moyo. Alinisalimia kwenye foleni ya mkate, "Hujambo, jirani?" nami nikamjibu, "Asante, na wewe pia," nikaondoka bila mkate. Watu wengine wana maneno. Mimi nilikuwa nategemea sinia. Mtu aliyeshika sinia ana swali ambalo wengine wameshamtungia: "Sukari vijiko vingapi?" Nimelifanyia mazoezi mbele ya kabati na ninalisema vizuri sana. Lakini Bibi amelifungia buli, na mama yake Clifford amemwambia muuza mboga, "Majirani wagumu namna hii sijaona. Jumapili tunarudi zetu Hull." Jumamosi ndiyo sehemu yenu ya mwisho. Wapangaji wakipigwa kombora, mtaa utaamini kwamba ulifanya sawa, na kesho yake gari la kuhamisha vyombo litakuja kumchukua mtu ambaye sijamwambia hata sentensi moja ya maana.

Kwa hiyo naomba sehemu ya mwisho ibadilishwe. Kanali aweke kombora chini, apige hodi, aingie na sinia. Maziwa yatangulie. Wageni wanywe wote mbele ya kamera mpaka tone la mwisho, na mkubwa wao aombe kikombe cha pili. Niko tayari kuwaazima kifuniko cha buli alichofuma Bibi, chenye masikio. Kama kombora mmeshalinunua na duka halipokei vitu vilivyorudishwa, basi lipigwe mwezini, ambako hakuna majirani. Na kama hata hilo haliwezekani, mtume mtu mwenye kofia ya serikali atangaze mtaani kwetu kwamba familia ya Thackray si yenu, hamkuiajiri, wala hamkuitoa popote zaidi ya Hull. Hakuna mtu wa dunia hii anayekataa chai nzuri. Clifford akipewa tu, mtaa mzima utaona. Hilo naweza kuliapia.

Nisalimie Kanali, wapangaji wote, mama mwenye nyumba (aambiwe kuhusu maziwa), na yule anayelivuta ua kwa kamba, ambaye mkono wake tuliuona.

Wako kwa heshima na kwa wasiwasi mkubwa,
Noreen Hardcastle

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado wazi. Bibi alipopitiwa na usingizi wa mchana nilichukua ufunguo, nikatoa buli, nikaenda nambari tisa. Swali nililisahau. Nilisimama mlangoni vikombe vikigongana mpaka Clifford akasema, "Aa, hatimaye! Ingia, jirani, ingia kabla hujamwaga." Akapokea kikombe, akatazama kushoto, akatazama kulia, akakimwaga chote kwenye chungu cha ua. Ua hilo limenawiri ajabu. Limefika darini. "Usimwambie mtu," akaninong'oneza. "Chai siipendi hata kidogo." Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi, na baada ya hapo maneno yalikuja yenyewe, mengi, sijui yalikuwa wapi miaka yote hii. Mama yake ameanza kufungua tena masanduku. Jumamosi Clifford anakuja kutazama kwetu, na nitamketisha karibu na chungu cha ua cha Bibi. Kwa hiyo tafadhali msibadilishe chochote. Kombora lipigwe tu. Yeye anasema haliwezi kuwapata wapangaji hata kidogo, sijui amejuaje. Kucha anazo, nimeangalia, karibu zote. Nimemwahidi kunyamaza, kazi ninayoiweza kuliko mtu yeyote mtaani hapa. Na wewe, Ndugu Mkuu, nakuomba, usimwambie mtu. Hasa Kanali.