Umati wa Elieth

Jumatatu, 21 Oktoba

Elieth ameingia nne bora! Nimepiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Huyu ni mdogo wake mke wangu, binti wa Ushirombo, na sasa anaimba kwenye televisheni Dar es Salaam nchi nzima ikimtazama. Jumamosi hii ndiyo nusu fainali ya shindano la Koo la Dhahabu. Watazamaji wanapiga kura kwa simu, mmoja anaondoka, watatu wanaingia fainali. Na baba mkwe ameshatoa neno lake: asipofika fainali, mambo ya muziki basi, anarudi nyumbani kwenye cherehani. Maskini mtoto wa watu!

Lakini kilichoninyanyua kitini ni kingine. Elieth kamwambia mtangazaji kwamba Jumapili, matokeo yakitoka, atamtaja meneja wake hadharani. Meneja! Na mimi Bujiku nipo hapa Kambarage, Shinyanga mjini, mwaka wa kumi na moja nakodisha spika na viti vya harusi. Nani anaujua muziki kuliko mimi?

Nimemwambia mke wangu, Mama Paschal, kuanzia leo aniite Meneja. Kasema sawa Meneja, gesi imeisha.

Mpinzani ninaye mmoja tu. Anaitwa Herman, mwalimu wa kwaya kule Ushirombo, aliyemfundisha Elieth tangu ana miaka tisa. Mtu mfupi, mpole, hapandishi sauti hata akikanyagwa. Kampeni hawezi.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimeanza na fulana. Kifuani nimeweka uso wangu na neno MENEJA kwa herufi kubwa. Elieth yuko mgongoni, karibu na bega, nafasi ilikuwa finyu. Mama Paschal kaigeuza fulana mara tatu kisha kauliza kati yetu wawili anayeimba ni nani. Hajui matangazo, simlaumu.

Jioni nimempigia Herman kumpeleleza. Nikampa shikamoo yake, maana ananizidi umri, naye kaitikia marahaba kwa sauti ya kanisani. Nikamuuliza anajipangaje. Kasema anazunguka kwenye jumuiya, moja moja. Watu wakimaliza sala kila mmoja anatoa simu, anaonyeshwa pa kuandika namba ya Elieth, anatuma palepale kabla ya kuaga. Jana alikuwa na jumuiya moja. Watu kumi na wanne.

Kumi na wanne! Nimekata simu nikacheka mpaka nikakaa chini. Nchi ina watu wote hawa, mwenzangu anatafuta bibi mmoja mmoja.

Jumatano, 23 Oktoba

Wazo limekuja nikipiga mswaki. Wachimbaji! Vijana wa machimbo ya Geita, wako wengi na kila mmoja ana simu. Nikapanda basi la alfajiri. Tulipopita Ushirombo nilimwona Herman kupitia dirisha la basi, kainama kando ya barabara, anamshikia mama mmoja simu. Nikampungia mkono kimeneja.

Machimbo yenyewe yako mbele ya Katoro. Nilipofika sikuona mtu. Wote walikuwa chini kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na huko mtandao haufiki. Nikataka kulia. Kumbe wakishuka simu zao wanamwachia Paskazia, mama lishe anayepika pale juu. Beseni zima la simu! Nimezihesabu kwa macho yangu, simu ndogo za vitochi sitini na tatu, na hakuna hata kimoja chenye neno la siri.

Nimekaa na Paskazia muda mrefu, nimekula ugali wake kwa sato, na nimemfundisha hatua kwa hatua. Fungua ujumbe, andika namba ya mshiriki, tuma, rudia. Mwanamke mwelewa sana. Kauliza kama ni kweli kila simu inaruhusiwa kura kumi kwa siku, tena bure. Nikamwambia ni kweli. Kauliza kama anaweza kuanza leo. Nikamwambia aanze sasa hivi! Nimemwachia na kipeperushi cha shindano chenye picha na namba za washiriki wote, asije akakosea.

Sitini na tatu mara kumi, kwa siku nne. Herman na bibi zake wapumzike.

Alhamisi, 24 Oktoba

Elieth amepiga simu. Kajificha bafuni, maana washiriki hawaruhusiwi kuongea na simu ovyo. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya kwenye televisheni.

"Shemeji, hivi watu watanipigia kura kweli?" kaniuliza. "Cherehani naiota kila siku."

Nikamwambia, "Jumamosi Shinyanga nzima itasimama upande wako. Naapa."

Alipokata nimekaa kwenye kiti cha kukodisha nikamwaza. Huyu aliimba kwenye harusi yetu akiwa kang'oka meno ya mbele, na wazee wakalia. Akitolewa itaniuma sana, niwe meneja nisiwe meneja. Nimeandika hili ili nikumbuke kwamba nina roho nzuri.

Halafu nikayarudia maneno yangu mwenyewe. Itasimama upande wako. Nikaruka! Sisi Wasukuma tunampataje mshindi wa ngoma? Kundi la Bagalu linacheza upande huu wa kiwanja, kundi la Bagika upande ule, kwa wakati mmoja. Watu wanakwenda kwa anayewapendeza. Mwenye umati ndiye kashinda, na aliyebaki na kiwanja kitupu anakusanya ngoma zake anarudi kwao. Tangu enzi za babu hakuna aliyelalamika.

Basi nitakodi skrini kubwa na nitaita ngoma mbili. Moja itacheza kwa ajili ya Elieth. Nyingine itacheza kwa ajili ya Marwa, yule mshiriki kijana wa Geita anayetutisha kuliko wote. Umati wote uje kwetu, yeye abaki na vumbi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mzee Wiliam wa Songwa, kiongozi wa Bagalu, amekubali. Msimu wa ngoma umeisha lakini kasema miguu inamwasha. Kaniuliza huyo binti ni wa nani, nikamweleza habari ya cherehani, akasikitika kabisa. Wabeja, asante sana, mzee wangu.

Nimefunga spika juu ya bajaji na nimezunguka mji mzima. Kesho saa kumi jioni, njooni mumchague Elieth! Njooni mumchague! Sauti imekauka. Mama Paschal kauliza kwa nini kwenye tangazo sitaji namba ya kupigia kura. Nikamwambia namba inaua mdundo.

Saa tisa Paskazia kanipigia kwa furaha. Kura zote zimekwenda, simu zote sitini na tatu, kumi kumi kila siku, na vijana wenyewe wakipanda juu anawasimulia nao wanashangilia. Nikamwambia Mungu ambariki. Akasema Mungu ameshambariki, maana Marwa alichimba duara lilelile miaka miwili, akila kwake kila mchana, na hakuna pale aliyejua jinsi ya kumpigia kura mpaka nilipokuja mimi.

Nimeomba arudie. Karudia. Kanishukuru tena, na kasema nikipita tena ugali wangu upo.

Mama Paschal kauliza mbona nimekaa kwenye ngazi. Nimesema napunga upepo.

Jumamosi, 26 Oktoba

Haijawahi kutokea! Niandike haraka kabla sijasahau chochote.

Saa tisa na nusu kiwanja kilikuwa na watoto na mbuzi. Saa kumi Bagalu wakaingia, Mzee Wiliam mbele, kengele miguuni, kitambaa chekundu kichwani. Bagika wakaanza upande wa pili kwa jina la Marwa. Kidogo kidogo watu wakaanza kumiminika. Wametoka Ndala, wametoka Ibadakuli, wengine wameshuka kwenye malori ya Isaka. Mama mmoja kaacha sufuria jikoni inachemka.

Saa kumi na moja Elieth katokea kwenye skrini. Gauni la kijani. Aliimba polepole kuhusu mama anayengoja mvua. Ngoma zote mbili zikanyamaza bila kuambiwa. Alipomaliza kiwanja kilishangilia, na ule upande wa Marwa ukaanza kumomonyoka. Kumi wakavuka, mia wakavuka, mwisho hata wapiga ngoma wa Bagika wakaja kwetu na ngoma zao. Kule alibaki bwana mmoja, naye alikuwa amelala.

Nimelia. Mama Paschal kanishika mkono, kitu ambacho hajafanya tangu Paschal azaliwe. Nimepanda juu ya kiti nikatangaza ushindi saa kumi na mbili kasorobo. Nikawaambia Elieth kapita, wakanibeba juu juu!

Simu yangu ilikuwa imechomekwa kwenye spika tangu asubuhi kwa ajili ya muziki, ikaisha chaji saa kumi na mbili. Haina shida. Kura zilifungwa saa moja na kila kitu kilikuwa kimekwisha kwenda sawa.

Jumapili, 27 Oktoba

Baada ya misa tulikaa wote sebuleni kusubiri matokeo. Nilivaa fulana.

Mtangazaji alianza kusoma kura za Elieth mkoa kwa mkoa. Akafika Shinyanga. Arobaini na moja.

Nikadhani ni elfu. Nikasubiri aseme elfu. Hakusema, akaendelea na Simiyu.

Nimekwenda mbio kwa Mzee Wiliam, ambaye alilala kwa mtoto wake hapa mjini. Mwangaluka, nikamsalimia, mzee, mlimpigia kura Elieth au hamkumpigia? Alinitazama kwa huruma.

"Bujiku, nimetoka Songwa kwa miguu," alisema. "Nimecheza upande wake mpaka jua linazama. Ulitaka nimchague mara ngapi?"

Wengine wameniambia hivyo hivyo. Walikuja, walisimama upande wake, nami nilitangaza mwenyewe kwamba kapita. Simu ya nini tena? Nikafikiria zile kura arobaini na moja, nikajua yangu haimo, maana mimi pia sikupiga.

Nikarudi nyumbani nimejiinamia, tayari kumwona shemeji yangu akiaga. Marwa alikuwa wa kwanza. Kura za machimboni zilisomwa hadi watu studioni wakashangaa, na ufundi ule wote ni wangu. Wa pili akatajwa, si Elieth. Wakabaki wawili jukwaani, yeye kafumba macho. Mama Paschal alikuwa anauma kanga.

Wa tatu, Elieth! Amepita kwa kura tisini na sita tu! Tulirukaruka hadi stuli ikavunjika mguu. Mtangazaji akasema zilizomwokoa zimetoka Bukombe, ndiyo wilaya ya Ushirombo, zimeingia chache chache kila jioni wiki nzima, kumi na nne, ishirini, kumi na saba.

Elieth akaulizwa meneja wake ni nani. Akasema Mwalimu Herman, akalia. Halafu akasema anamshukuru na shemeji yake Bujiku wa Shinyanga kwa kumtia moyo. Jina langu, nchi nzima! Herman ametajwa mara moja na mimi nimetajwa mara moja. Ukiangalia vizuri tumetoka sare.

Baba mkwe kapiga simu jioni. Cherehani ameigawa kwa mtoto wa kaka yake.

Ijumaa, 1 Novemba

Kesho ni fainali. Elieth kapiga simu juzi, kaniomba kwa upendo sana nisifanye kitu chochote. Pumzika tu shemeji, kasema, tena kamwambia dada yake aniangalie nisitoke. Mtoto mwenye huruma! Ameona nilivyochoka.

Basi nimepumzika, na katika kupumzika nimetafakari. Kosa nimelijua. Watu wale wote Jumamosi hawakuja kwa ajili ya Elieth, wengi hawakuwa hata wanamjua. Walikuja kwa tangazo la nani? Walimbeba nani juu juu? Kipaji nilikuwa nakitumia kwa mtu mwingine!

Kwa hiyo leo asubuhi nimechukua fomu ya kugombea uenyekiti wa mtaa. Nyumba kwa nyumba sitakwenda, hizo ni mbinu za Herman. Skrini nimeshaiwekea oda na spika ni zangu. Mzee Wiliam kaahidi kuleta Bagalu wote wa Songwa wasimame upande wangu. Mama Paschal kasema Songwa ni wilaya nyingine. Nikamwambia asianze kunivunja moyo mapema hivi.

Halafu kauliza kama nilijiandikisha kwenye daftari la wapiga kura, zile siku makarani walipokaa shuleni. Nikamwambia mimi ni mgombea, kupiga kura ni kazi ya wananchi.