Mashine ya Kukanda Vidole

Jumatatu, 3 Februari 1947. Havana.
Vidole vimekakamaa tena. Kifungo cha shati kimenishinda. Nyapara wa kiwanda chetu cha sigara, Don Ambrosio, kazirudisha nilizoviringisha. Kauliza hii ni tumbaku au nimefunga mzigo wa kuni. Ijumaa atakagua mikono ya meza yetu; mwenye mibovu ataondolewa. Atakayebaki na kiti chake atapewa chumba nyuma ya kiwanda. Bila chumba, mke wangu Zenaida atabaki kwetu Baracoa, nami nitaendelea kulala chini ya ngazi ya mwenye nyumba wangu, Doña Hortensia. Eulogio, tunayekaa naye meza moja, kasema niloweke mikono kwenye maji ya moto na chumvi. Anajifanya mwema. Anakitaka chumba!

Jumanne, 4 Februari.
Nimeunda mashine! Saa ya kengele ya Doña Hortensia, vigurudumu viwili vya uzi, kamba ya kiatu. Unaijaza ufunguo, unapenyeza vidole. Vigurudumu vinakanda, kinyundo cha kengele kinagonga ncha. Damu inaamka. Ukucha mmoja umeng'oka, si neno. Doña Hortensia anaitafuta saa yake. Nimemsaidia kutafuta. Kaniita mwanangu mwema.

Jumatano, 5 Februari.
Nimeifunga chini ya meza kiwandani. Mkono mmoja kazini, mwingine kwenye matibabu. Eulogio kasikia mikwaruzo, kauliza kama siku hizi nafuga panya.

Alhamisi, 6 Februari.
Balaa! Fermina hutusomea hadithi kutoka jukwaani tukiviringisha sigara. Tukipendezwa, tunapiga visu vyetu kwenye ubao. Mmoja akianza, ukumbi mzima hufuata. Leo alifunga kitabu, akatoa karatasi, akasema kwa huzuni kwamba mama yake Don Ambrosio amefariki alfajiri. Hapo ndipo mashine, niliyodhani imeishiwa ufunguo, ikazinduka. Meza ikatetemeka, kisu changu kikacheza juu ya ubao: ta-ta-ta-ta! Waliokuwa wakisinzia wakadhani ni kawaida, wakaitikia. Ukumbi mzima ukamshangilia maiti!

Ijumaa, 7 Februari.
Don Ambrosio kaja na kitambaa cheusi mkononi, macho mekundu. Kauliza nani alianza. Eulogio kaninong'oneza, "Nyamaza, ndugu yangu, nyamaza!" Don Ambrosio akasema mama yake aliviringisha sigara humu humu ujana wake wote, na hakuna aliyewahi kumpigia kisu hata siku moja, mpaka jana. Akalia. Kumbe heshima! Niliruka juu kama chura: mimi! Akanikumbatia. Akanipa mkono, akaubana. Wangu haukufunga. Akaugeuza, akautazama kama jani lenye ukungu. Kwa upole mkubwa akasema mtu mwenye moyo kama wangu hawezi kuachwa ateseke mezani. Kanihamishia chumba cha kuchambua majani, na wanawake, mpaka Pasaka. Wenzangu walinipigia visu.

Jumapili, 9 Februari.
Eulogio kaja na beseni na chumvi. Kamwomba Don Ambrosio chumba kisigawiwe mpaka Pasaka, labda nitapona. Kaniloweka mikono yeye mwenyewe, akinitukana kwa mapenzi. Baada ya muda kidole kidogo kikajikunja! Nilikaribia kulia. Yaani mashine inafanya kazi, ila inachelewa. Kosa lilikuwa moja tu: saa moja ya kengele haitoshi mikono miwili. Eulogio alipoinama kumwaga maji, niliona mnyororo ukining'inia kwenye kizibao chake. Saa ya mfukoni. Nzito. Springi yake lazima ni imara.