Hatua Themanini na Nne hadi Chooni

Jumatatu, 8 Juni 2026

Daktari kanipa barua. Inasema mwanafunzi huyu ana ugonjwa wa kudumu wa utumbo mpana, akae karibu na mlango na atoke bila kuuliza mtu. Barua nzuri. Mhuri, sahihi, kila kitu. Nimeificha chini ya godoro.

Sababu ninayo. Ijumaa ni mtihani wa mwisho wa stashahada niliyorudi chuoni kuisomea. Anayetoka kabla ya muda haruhusiwi kurudi, na anayefeli anarudia mwaka. Ofisi ya taaluma tu ndiyo inayoweza kumsamehe mtu, na ofisi hiyo ni Agnella. Nilimfundisha Agnella darasa la tatu, Kiberege. Siku moja aliomba ruhusa ya kutoka mara tatu. Nikamwambia asubiri kengele. Hakuweza. Leo mimi nimpelekee barua hii? Ahsante sana!

Nitakipata kiti cha mlangoni kwa akili. Nina miaka hamsini na tisa, thelathini na miwili kati ya hiyo nimeshika chaki. Akili ipo.

Jumanne, 9 Juni

Kiti cha mlangoni ni cha Anselim, kiongozi wa darasa, miaka ishirini na miwili, mdomo kama redio. Nilimweleza kwa utulivu madhara ya upepo wa mlangoni kwa mapafu. Nikamchorea hata mapafu yenyewe. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasimama na kutangaza kwamba mzee wetu ana kifua, upepo usimguse. Nimehamishiwa kona ya ndani kabisa, ukutani. Wamenipa na mto wa kukalia. Darasa lilipiga makofi.

Jumatano, 10 Juni

Nimepima. Kutoka konani hadi chooni ni hatua themanini na nne. Tumbo langu likishatoa taarifa, hunipa sekunde hamsini. Hatua si tatizo. Tatizo ni adabu. Njiani nilikutana na shikamoo kumi na moja, na kila moja inadai marahaba yake. Kisha Eliza, binti wa wafugaji wa Kisukuma kutoka Lupiro, akapiga goti. Kwao mtu mzima hasalimiwi ukiwa wima. Wala hainuki mpaka nimuulize habari za baba, mama na ng'ombe. Ng'ombe ni wengi. Dakika nne na nusu! Bahati yalikuwa majaribio tu.

Alhamisi, 11 Juni

Mpango mpya: tumbo tupu halina cha kudai. Kisayansi hauna kasoro. Sijala tangu asubuhi. Saa kumi mama mwenye nyumba wangu hapa Mlabani, Bi Mwanamvua, akaja na wali wa mchele mpya na maharage yenye pilipili ya ukarimu. Nikasema sina njaa. Akauliza, kwa sauti ya kufika kwa majirani, "Haya Mwalimu, nani anakupikia siku hizi?" Jirani mmoja akacheka. Nikala, kulinda heshima yake na yangu. Kuthibitisha kwamba sipikiwi kwingine, nikaomba sahani ya pili.

Ijumaa, 12 Juni

Mtihani ulianza saa tatu. Saa tatu na dakika ishirini na tano maharage yakatoa taarifa. Nilikimbia.

Hapa panahitaji maelezo. Kijana akikimbia, watu wanadhani anawahi mpira. Mtu wa umri wangu akikimbia, tena kimya, macho yamemtoka, hakuna anayebaki kuuliza. Na mwezi uliopita tembo waliingia kwenye mpunga nyuma ya chuo. Sijaufikia mlango, Anselim akapiga yowe: "Tembo!" Darasa zima likanifuata. Msimamizi wa mtihani alinipita, miwani mkononi. Hakuna aliyenisalimia. Sekunde thelathini na moja!

Nilipotoka chooni mtihani ulikuwa umeahirishwa hadi Jumatatu. Anselim, akiwa juu ya tangi la maji, akaniuliza, "Mzee wangu, ulimwona wapi?" Mtu mwenye busara hapo angetaja tumbo lake. Nikasema, "Nyuma ya bweni. Dume. Pembe moja imevunjika."

Jumapili, 14 Juni

Agnella amekuja nyumbani. "Shikamoo, Mwalimu Nazari." Akasema amezunguka bweni lote, hakuona hata unyayo. Mama yake naye ana ugonjwa wa utumbo, kwa hiyo mbio zile anazijua. Kama nina barua ya daktari nimpe, kiti cha mlangoni ni changu, na hakuna atakayejua. Yale ya darasa la tatu, akasema, kwao wameyacheka miaka mingi na yamekwisha.

Machozi yalinilenga. Nikamwambia mimi ni mzima kama chuma. Kisha nikamweleza, kwa mifano, kwa nini tembo dume hachagui kila mara kuacha unyayo.

Aliniangalia sana. Akatoa karatasi. Basi nisaini kama shahidi, maana kwa usalama wa watahiniwa mlango kesho utafungwa kwa kufuli, kwa nje, mpaka muda uishe. Akauliza taratibu, "Mwalimu una pingamizi?"

Nikasema sina, wazo zuri sana. Nikasaini kwa mwandiko wa kupendeza.

Nimetoka kukagua darasa sasa hivi. Dirisha la pili kutoka konani kwangu lina nondo iliyolegea. Ikitoka, panabaki nafasi ya sentimita thelathini na mbili. Mimi, nikitoa pumzi yote, ni thelathini na tano.

Zimebaki sentimita tatu tu. Na muda ninao, hadi kesho saa tatu.