Chumba cha Pili Kabla ya Mvua

Jumatatu, 12 Oktoba 1992
Mume wangu Zenon kaenda Wampembe, ziwani, kununua samaki, migebuka. Kaniachia Adriano anayeota meno, na neno moja: mvua ikitukuta chumba cha pili hakijasimama, tunahamia kijijini kwa mama yake. Kwa mama mkwe! Kuku wake wanalala ndani, na wa kufagia nitakuwa mimi. Hapana. Chumba kitasimama. Nimealika majirani wa hapa Chanji waje kujenga Jumamosi ya wiki ijayo. Ujira wao pombe, kama desturi. Ulezi wa kimea nimeshauloweka.
Jirani yangu Kalista kachungulia, kauliza matofali yako wapi. Nikasema yatakuja. Kacheka, ati Mama Adriano anapakua na moto hajawasha!

Jumatano, 14 Oktoba
Fundi Evaristi anasema kalibu ya kufyatulia matofali iko kwa Kalista. Siendi! Si kaniita mpakuaji?
Kimea kinaota vizuri. Mambo ya foleni yaliisha. Siku hizi dukani sabuni, sukari, bati, vyote vipo kwa pamoja. Kwa nini kazi zangu zipange foleni?

Jumamosi, 17 Oktoba
Nimekwenda. Kalista kanipa kalibu na somo juu yake: fyatua, anika, choma, tanuru lipoe, ndipo uloweke ulezi. Matofali yanaweza kuingoja pombe, mwenzangu, pombe haingoji mtu.
Ya kwake yalishachomwa, yamepoa. Amekosa tu Jumamosi ya kualika watu, maana ijayo nimeiwahi mimi. Hilo limenituliza roho.

Jumatano, 21 Oktoba
Matofali yamefyatuliwa juzi. Ukibonyeza, kidole kinazama. Pombe iko jikoni, nakoroga kwa mkono mmoja, wa pili unambembeleza Adriano. Nimemwambia Evaristi apange tanuru kesho, Ijumaa awashe. Akasema shemeji, tofali bichi likichomwa linapasuka. Nikamwambia na pombe ikilala inachacha. Akaondoka anaongea peke yake.

Jumamosi, 24 Oktoba
Sitaki hata kuandika.
Watu wamekuja na miiko na kamba, asubuhi na mapema. Pombe inatoa povu, tamu! Na tanuru linawaka. Nani atashika? Nikawaambia wakae waote moto kidogo, litapoa. Wakaota. Wakanywa. Saa sita mitungi mitupu, na tanuru ndani linapiga pa! pa! Evaristi hakunitazama usoni.
Mzee Wilibrodi akasimama. Akasema wanangu, ni aibu mtu kunywa pombe ya kazi akarudi kwake na mikono misafi. Nikasema moyoni, ndiyo huyo, mzee mwenye haya! Akauliza nani hapa ana matofali yaliyopoa.
Wote wakamgeukia Kalista.
Hadi jioni ukuta wake umepita madirisha. Wamejenga wakiimba, wakinisifu mimi kwa jina, kwamba pombe ya Mama Adriano inajenga. Inajenga, ndiyo. Nyumba ya nani?

Jumatano, 28 Oktoba
Tanuru limefunguliwa. Vipande. Mvua ya kwanza ikanyesha humo humo, na Zenon akateremka garini ananuka samaki. Akatazama vipande, akanitazama mimi. Akasema tufunge mizigo.
Kalista kaja kusaidia kufunga. Kasema nikipata matofali nimwite, atapika pombe yeye, kwa mikono yake. Nikasema asante dada. Nikamfunga Adriano mgongoni haraka, Kalista asinione uso.

Jumapili, 1 Novemba
Kijijini. Nimeamka kabla ya kuku, maana tunalala nao.
Misa ya leo sikusikia neno. Nilikuwa nawaza kosa lilikuwa wapi, na kabla ya baraka nikaliona. Pombe ilikuwa ndogo! Ingekuwa mara mbili, wangekunywa hadi Jumatatu, na tanuru lingepoa wakiwa bado wamekaa pale.
Tumerudi nyumbani nikachukua mtungi mkubwa wa mama mkwe, kwa heshima, yeye amelala. Ulezi umo ndani ya maji. Watu nimeshawaalika nje ya kanisa. Udongo nitautafuta nikitulia.