Nilivyompeleka Bibi Darasani Kuwa Dhaifu

Jumatatu, 3 Machi

Balaa. Mwalimu wa Kiingereza ametangaza kwamba Alhamisi kila mwenye ubavu asimame mbele ya darasa aeleze tofauti ya fragile, brittle, flimsy, feeble na frail. Atakayeeleza vizuri kuliko wote atapewa ufunguo wa maktaba muhula mzima.

Ufunguo! Kila mapumziko niko ndani, peke yangu, mlango umefungwa, hakuna wa kuniuliza mbona niko kimya. Nimeutamani tangu nianze shule hii. Tatizo ni hilo la mbele ya darasa. Mimi nikitazamwa na watu, sauti hurudi tumboni.

Kasuku ameshaanza kutamba. Ni binamu yangu, na kwa mkosi tunakaa dawati moja. Maktaba haimhusu ndewe wala sikio. Anataka tu nisiipate mimi.

Nimemuuliza Baba tofauti ya maneno hayo. Amesema yote ni dhaifu, nizime taa nilale. Msaada mkubwa, ahsante sana.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mpango! Sitasema mimi, vitasema vitu. Kila neno na kitu chake, kazi yangu kunyoosha kidole tu.

Nimefanya majaribio jikoni. Fragile: glasi ya wageni. Ikikuponyoka, kwaheri. Nimehakikisha. Mama hajajua bado. Brittle: tambi kavu. Ngumu, inajiona, lakini ukiiambia ipinde kidogo, haikubali. Paa! Kama mwalimu wa hesabu. Flimsy: mwavuli wa Kaka. Umeundwa ovyo, ukipigwa na upepo wa mlango tu unageuka bakuli. Feeble: tochi ya Baba, betri zinakata roho. Mwanga upo, nguvu hakuna.

Imebaki frail. Kamusi inasema ni mwili uliodhoofika kwa uzee au maradhi. Mwili! Nitoe wapi mwili?

Hapo hapo Bibi akakohoa chumbani kwake. Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, 5 Machi

Bibi amekubali. Nimemwambia mwalimu anapenda kuwaona wazee. Si uongo, ni ukweli uliopunguzwa urefu.

Nikamwomba aje na mkongojo. Akasema ule ni wa kufukuzia paka. Nikamwomba basi atembee polepole. Akanikazia macho: "Mume wangu, una nini wewe?" Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, utani wa bibi na mjukuu. Nimemsihi kesho asiniite hivyo mbele za watu. Amejibu sawa. Sikuipenda ile sawa.

Alhamisi, 6 Machi

Ardhi haikupasuka. Niliiomba, ikakataa.

Kasuku alitangulia. Akamwaga fasili zote kwa kichwa, hata pumzi hakuvuta. Mwalimu akamwomba mfano mmoja tu wa brittle. Akanyanyua kifutio. Kifutio cha mpira! Kitu kinachokunjika kama sikio! Nikauona ufunguo mfukoni mwangu.

Zamu yangu. Glasi ya pili ya wageni, salama. Tambi, paa! Makofi. Mwavuli ukageuka bakuli wenyewe kabla sijaugusa. Tochi ikapepesa, ikazima. Vicheko vizuri kabisa. Nami nilikuwa sijasema lolote zaidi ya maneno manne yenyewe. Nikafungua mlango.

Nilitegemea kikongwe aliyejikunja, akihema. Akaingia Bibi wima kama mlingoti, kavaa viatu vya harusi ya Shangazi, kabeba kiti kutoka ofisi ya walimu. Alisema kijana aliyetumwa kukileta alikuwa anajivuta.

Nikanyoosha kidole. Kwa sauti ya ile tochi, nikasema: "Frail."

Bibi akauliza maana yake nini. Kasuku, Mungu amlipe, akamtafsiria: "Ni mtu aliyekwisha, Bibi. Ukimpuliza, chini!"

"Mimi?"

Akaliambia darasa zima kwamba huyu ni mume wake, amemlea kwa mikono hii, leo amemleta hadharani kumwita gofu. Anataka talaka yake. Sasa hivi, kwa maandishi! Kisha akashika meza ya mwalimu, akaiinua upande mmoja, vitabu vikaporomoka, akauliza nani mwingine humu ni mgonjwa. Mwalimu alikuwa amejifunika uso kwa daftari la mahudhurio, mabega yanamtikisika.

Sijui nini kilinipanda. Nikapaza sauti. Mimi! Nikasema nimekosea, frail si miaka, ni mwili ulioishiwa nguvu, na Bibi ana miaka tu, nguvu zake hazijaenda popote. Kwamba frail nilikuwa mimi, nilipougua homa, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati huku akinigombeza njia nzima kwa uzito wangu. Nikasema kwa Kiingereza, nikarudia kwa Kiswahili ili naye asikie. Bibi akakaa kwenye kiti chake. Akasema nilikuwa mzito kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Ufunguo kapewa Kasuku! Wa kifutio!

Mwalimu amesema mfano wangu ulikuwa bora kuliko wote, na ndiyo maana hanipi. Sauti kama ile, amesema, ni dhambi kuifungia na vitabu. Amenifanya mwenyekiti wa mdahalo. Kila Ijumaa, ukumbini, shule nzima, kipaza sauti. Akanipa mkono wa pongezi. Ati ni zawadi!

Bibi ameahirisha talaka. Atakuja kila Ijumaa, amesema, akae mbele.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari usiku kucha. Kosa nimeliona. Halikuwa kumpeleka mzee shuleni. Lilikuwa kumpeleka mzee msemaji.

Basi Jumatatu sauti yangu itakuwa imekauka, ugonjwa wa ukoo, hauna dawa. Atakayenitolea ushahidi kwa mwalimu ni jirani yetu, fundi saa mstaafu. Mpole, hana maneno, masikio yake tu ndiyo mazito kidogo. Nimemweleza mpango mzima barazani kwake. Amekubali kwa kichwa kila nilichosema, hata nilipopiga chafya.

Huyu ndiye.